Pori Lililopendwa Baada ya Kutekwa

Mwaka 1885 kijana wa miaka 26 aitwaye Theodore Roosevelt alisimama mbele ya kamera akiwa amevaa suti ya ngozi ya paa yenye matamvua, bunduki mkononi na kisu cha kuwindia kimechomekwa mkandani. Anayeitazama picha hiyo humwona mwindaji wa nyika za magharibi ya Marekani, mtu aliyezoea kulala nje na kula alichokiua mwenyewe. Picha yenyewe ilipigwa studioni, jijini New York, mji aliozaliwa na kulelewa katika familia tajiri, na kile kisu kilikuwa kazi ya Tiffany, sonara wa watu wenye fedha zao. Miaka 16 baadaye Roosevelt akawa rais wa nchi, na sehemu kubwa ya haiba iliyomfikisha huko ilitokana na sura hiyo ya mtu wa porini.

Ni rahisi kumcheka, na wenzake katika baraza la kutunga sheria la New York walimcheka kwa mavazi yake hata kabla hajaenda magharibi. Lakini lazima tumtendee haki. Roosevelt alikwenda kweli katika eneo la Dakota, akanunua ng'ombe, akashinda juu ya farasi katika baridi kali, na majira ya baridi ya 1886 na 1887 yalipoangamiza mifugo katika nyanda zile, naye alipoteza sehemu kubwa ya kundi lake. Jambo la kuchunguza katika kisa chake ni mwelekeo wa safari. Pori halikumzaa. Alilifuata akiwa mtu mzima, kwa treni, akijua kwamba nyumba ya kurudia ipo. Akalipenda, akaliandikia vitabu, kisha akaurudisha upendo huo mjini, ambako ndiko ulikopata wasikilizaji. Huo ndio mkondo wa jumla wa mvuto wa pori la mpakani, yaani ukingo wa makazi ya walowezi uliokuwa ukisogea kuelekea magharibi, katika utamaduni wa Marekani: umetengenezwa kwa kiasi kikubwa na watu waliokuwa na uwezo wa kutoka porini, umepata nguvu pori lilipokwisha kutekwa, na umezaa utambulisho wa taifa ambao hauwezi kusimama bila kuwasahau waliokuwamo tangu awali na serikali iliyogharimia safari.

Hakuna siku inayolionyesha jambo hili waziwazi kuliko tarehe 12 Julai 1893. Siku hiyo, mjini Chicago, kulikokuwa na maonyesho makubwa ya kuadhimisha miaka 400 tangu Columbus afike Amerika, mwanahistoria wa miaka 31, Frederick Jackson Turner, aliwasomea wanahistoria wenzake mada iliyokuja kutawala ufundishaji wa historia ya Marekani kwa miongo kadhaa. Alianza na taarifa ya idara ya sensa. Hesabu ya watu ya 1890 ilikuwa imeonyesha kwamba haikuwezekana tena kuchora kwenye ramani mstari mmoja unaotenganisha sehemu zilizokaliwa na zile ambazo hazijakaliwa, yaani zile zenye watu wasiofikia 2 kwa kila maili ya mraba. Kwa hiyo mpaka umefungwa, alisema Turner, na pamoja nao kimefungwa kipindi cha kwanza cha historia ya taifa. Kwa maoni yake, Mmarekani hakuumbwa Ulaya wala katika miji ya pwani ya mashariki. Aliumbwa pale mhamiaji alipokutana na nyika, ikamvua mavazi ya ustaarabu aliokuja nao, ikamvisha ngozi na kumlazimisha kujitegemea. Na katika kujitegemea huko ndiko zilikozaliwa demokrasia yake, ubunifu wake, kutotulia kwake na kutopenda kwake kutawaliwa.

Nadharia hiyo ina uzuri wake, na anayeisoma leo bado atahisi nguvu yake. Hata hivyo ilisimama juu ya hesabu yenye kasoro ya msingi, kwa kuwa ramani za msongamano wa watu zilizochapishwa na idara ile ziliwaacha nje wenyeji wa asili wasiotozwa kodi. Mahali palipokuwa na vijiji vyao, mashamba yao na njia zao za kuwindia palihesabiwa kuwa patupu. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na Turner, mzaliwa wa mji mdogo wa Portage katika jimbo la Wisconsin, aliivutia ngozi upande wa walowezi aliotoka.

Umbali wa kutembea kwa miguu kutoka kwenye maonyesho hayo, majira hayo hayo ya joto, William Cody, aliyejulikana zaidi kwa jina la Buffalo Bill, alikuwa akiwaonyesha watazamaji vita vya nyikani kwa tiketi: farasi, milio ya bunduki, gari la abiria linaloshambuliwa, na wapiganaji wa Kilakota, mojawapo ya makabila ya wenyeji wa asili, katika nafasi ya washambuliaji. Wengine kati ya watu hao walikuwa wameyaona mambo yenyewe. Sitting Bull, kiongozi wa Kilakota, alisafiri na onyesho hilo mwaka 1885, akauawa tarehe 15 Desemba 1890 na polisi waliokwenda kumkamata, na wiki mbili baadaye jeshi likaua Walakota zaidi ya 150, na kwa makadirio mengine karibu 300, wengi wao wanawake na watoto, kwenye kijito cha Wounded Knee. Mwaka uliofuata baadhi ya viongozi wa Kilakota waliofungwa kwa sababu ya vuguvugu la kidini lililowatisha watawala walitolewa kizuizini ili waende Ulaya na Buffalo Bill. Damu ilikuwa haijakauka, na tayari kisa kilikuwa burudani.

Mandhari hayo mawili, ukumbi wa wasomi na uwanja wa onyesho, yalikuwa yakisema kitu kimoja kwa lahaja mbili. Msomi alieleza kwa nini taifa lilihitaji nyika ili lijijue. Mfanyabiashara aliwapa watu wa mjini nafasi ya kuionja bila kuumia. Wanahistoria wa baadaye, hasa tangu miaka ya 1980, walimkosoa Turner vikali, miongoni mwao Patricia Limerick, aliyesisitiza kwamba kilichotokea magharibi kilikuwa utekaji ambao matokeo yake hayajaisha, wala hayakufungwa mwaka 1890. Ukosoaji huo umekubalika vyuoni. Nje ya vyuo hali ni nyingine kabisa: John Kennedy alipokubali kugombea urais mwaka 1960 aliwaambia wananchi kwamba wamesimama kwenye ukingo wa mpaka mpya, na hakuhitaji kuwafafanulia maana yake.

Isidhaniwe kwamba Wamarekani peke yao wana tabia hii. Huko Argentina, gaucho, mfugaji mpanda farasi wa nyanda za pampa, alidharauliwa na wasomi wa mji mkuu kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 kama alama ya ushenzi unaolikwamisha taifa. Kisha kati ya 1878 na 1885 jeshi likawafagia wenyeji wa asili wa kusini, nyanda zikazungushiwa seng'enge, wahamiaji kutoka Italia na Hispania wakaijaza Buenos Aires, na gaucho mwenyewe akawa kibarua wa shamba. Hapo ndipo wasomi walipomtangaza kuwa roho ya taifa. Alipendwa alipokuwa hawezi tena kumsumbua mtu.

Mahali ambapo hadithi hii yote inaweza kuonekana kwa macho ni bonde la Yosemite, katika milima ya Sierra Nevada huko California. Machi 1851 kikosi cha wanamgambo kilichoitwa Mariposa Battalion kiliingia bondeni humo kikiwasaka Waahwahneechee, waliokuwa wakipinga wachimba dhahabu waliovamia nchi yao. Mmoja wa wanamgambo hao, Lafayette Bunnell, aliandika baadaye kwamba alipoziona kuta zile za mawe kwa mara ya kwanza machozi ya hisia yalimjaa machoni. Wenzake waliendelea na kazi. Walichoma vijiji na maghala ya mbegu za mialoni, chakula kikuu cha watu wale, wakijua kwamba asiye na akiba ya majira ya baridi hana budi kushuka milimani na kujisalimisha. Machozi ya Bunnell na moto ule vilitokea katika msafara mmoja, na kwa fikra zangu haiwezekani kuuelewa mvuto wa pori la mpakani bila kuviweka viwili hivyo pamoja.

Miaka 13 baadaye, tarehe 30 Juni 1864, Rais Abraham Lincoln alitia saini sheria iliyolikabidhi bonde hilo kwa jimbo la California ili lihifadhiwe kwa ajili ya umma. Watalii wakaanza kuja, kisha akaja John Muir, mzaliwa wa Uskoti, ambaye maandishi yake yaliwafundisha Wamarekani kuitazama milima ile kama hekalu. Muir alishangilia mbuga pana za nyasi na mialoni iliyosimama kwa nafasi kama bustani iliyopangwa, akauona mpangilio huo kuwa kazi ya Mungu pekee. Bustani ilikuwa imepangwa kweli, na waliokuwa wameipanga ni watu. Kwa vizazi vingi Waahwahneechee walichoma majani kila mwaka ili kuzuia misonobari isisonge mialoni, kuwavuta kulungu kwenye nyasi changa, na kurahisisha kuokota mbegu. Galen Clark, aliyeliona bonde mwaka 1855 na baadaye akawa mlinzi wake, aliandika katika miaka ya 1890 kwamba uwanda wa wazi aliouona mwanzoni ulikuwa mkubwa mara kadhaa kuliko uliobaki, na kwamba sababu ni kukoma kwa moto wa wenyeji. Walioiita nchi ile pori lisiloguswa walikuwa wakisifu shamba ambalo mwenye shamba amefukuzwa.

Wenyeji hawakutoweka papo hapo. Waliendelea kuishi bondeni kwa kazi za hotelini, za kuuza vikapu na za kuwahudumia watalii, hadi kijiji chao cha mwisho kilipoondolewa na wasimamizi wa hifadhi mwaka 1969. Kwa muda huo wote picha zilizotundikwa majumbani zilionyesha maporomoko ya maji na miamba bila mtu hata mmoja. Chama cha Sierra Club, kilichoanzishwa na Muir na wenzake mwaka 1892, kilikiri hadharani mwaka 2020 kwamba mwasisi wake aliwaandika wenyeji kwa lugha ya dharau. Ungamo hilo lilikuwa la lazima, ingawa kuyakana maneno ya marehemu ni kazi nyepesi kuliko kuibadilisha picha ukutani.

Huko Yellowstone, hifadhi ya taifa ya kwanza, iliyotangazwa mwaka 1872, mambo yalipita njia hiyo hiyo kwa haraka zaidi. Watu wamelitumia eneo lile kwa zaidi ya miaka 11,000, lakini wasimamizi wa mwanzo walieneza dai kwamba wenyeji waliziogopa chemchemi za maji moto na hivyo hawakuwa wakikaa humo; dai hilo liliwatuliza watalii na kuhalalisha kuwaondoa Washoshone. Mwaka 1877, Wanez Perce waliokuwa wakilikimbia jeshi walipitia hifadhini na kukutana uso kwa uso na makundi ya watalii waliokuja kustarehe. Kuanzia 1886 hadi 1918 hifadhi hiyo ililindwa na wanajeshi, na hivyo pori likawa mahali penye zamu na doria.

Kauboi naye anastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa kuwa ndiye anayebeba utambulisho huu duniani kote. Enzi yake halisi, ya kuswaga makundi makubwa ya ng'ombe kutoka Texas hadi kwenye vituo vya reli vya kaskazini, ilidumu takriban miaka 20 tu baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyokwisha mwaka 1865. Hakuwa na ng'ombe. Ng'ombe walikuwa wa tajiri, na matajiri wengine walikuwa wanahisa waliokaa Dundee au London na hawakuwahi kuiona Texas. Alikuwa kibarua wa msimu, na mwaka 1883 makauboi wa kaskazini ya Texas waligoma wakidai nyongeza ya mshahara, jambo ambalo nadhani lingewashangaza wengi wanaovaa kofia yake leo. Ufundi wake wa kamba, tandiko na farasi ulitoka kwa wafugaji wa Meksiko. Wanahistoria wengi hukadiria kwamba mmoja kati ya kila wanne alikuwa Mweusi, na baadhi yao walizaliwa watumwa, sawa na Bass Reeves, aliyezaliwa utumwani mwaka 1838 na kuwa askari wa serikali kuu mwenye sifa kubwa katika eneo ambalo sasa ni Oklahoma. Seng'enge, iliyopewa hataza mwaka 1874, na upanuzi wa reli viliimaliza kazi yenyewe. Ndipo ilipofika zamu ya riwaya na filamu, na katika miaka ya 1950 ikafika zamu ya sigara ya Marlboro, ambayo awali ilitangazwa kwa wanawake, kumtumia kauboi mweupe, mkimya, aliye peke yake, asiye na mwajiri wala chama cha wafanyakazi, na kuuzika kupita kiasi.

Upweke huo ndio kiini cha jambo. Utambulisho wa mpakani hudai kwamba mtu alikwenda peke yake, akafyeka, akajenga, na kwa hiyo hadaiwi na mtu. Tukifuata nyaraka tunakuta vingine. Serikali ilinunua eneo la Louisiana mwaka 1803 kwa dola milioni 15, na Alaska mwaka 1867 kwa dola milioni 7.2. Jeshi lake lilipigana na wenyeji, na maofisa wake waliandika mikataba na kuivunja. Sheria ya mwaka 1862 ilimpa mlowezi ekari 160 kwa ada ndogo endapo angekaa na kulima kwa miaka 5. Kwa njia hiyo ziligawiwa hekta zipatazo milioni 109, karibu asilimia 10 ya ardhi yote ya nchi. Makampuni ya reli yalipewa ardhi pia, kwa ukarimu mkubwa, na moja kati ya reli hizo, iliyovuka Sierra Nevada, ilijengwa na maelfu ya vibarua wa Kichina ambao nchi ilikuja kuwafungia mlango kwa sheria mwaka 1882. Halafu yakaja mabwawa. Magharibi ya Marekani ni sehemu iliyojengwa na mkono wa dola kuliko sehemu nyingine nyingi za nchi hiyo, na hadi leo serikali kuu inamiliki takriban asilimia 80 ya ardhi ya Nevada na asilimia 60 ya Alaska.

Mtu anaweza kuuliza madhara ya hekaya kama hii ni yapi, maadamu kila taifa lina zake. Madhara hujitokeza pale hekaya inapotumiwa kudai haki. Tarehe 2 Januari 2016 kundi la watu wenye silaha, wakiongozwa na watoto wa mfugaji wa Nevada aliyekuwa akigombana na serikali kwa kukataa kulipa ada ya malisho, liliiteka ofisi ya hifadhi ya ndege ya Malheur huko Oregon, likakaa humo kwa siku 41. Mmoja wao aliuawa na polisi barabarani. Ada wanayoilalamikia wafugaji wa aina hiyo ilikuwa dola 2.11 kwa mwezi kwa ng'ombe na ndama wake mwaka huo, chini sana ya bei ya malisho ya watu binafsi. Walivaa kofia za kauboi, wakasema wamekuja kuirudisha ardhi kwa wenyewe. Wapaiute wa Burns, waliotengewa eneo lile kwa amri ya rais mwaka 1872 na kunyang'anywa baada ya vita vya 1878, kisha wakaswagwa katika theluji hadi jimbo la Washington, walilazimika kuitisha mkutano na waandishi wa habari ili kuuliza ni wenyewe gani wanaozungumziwa. Waliokaa pale kwa bunduki hawakuwa waongo kwa maana ya kawaida. Waliamini walichosema, kwa kuwa walikuwa wamelelewa katika hadithi inayoanza siku mlowezi wa kwanza aliposhuka kwenye farasi.

Sura nyingine ya mvuto huu haina bunduki, nayo inanigusa zaidi. Mwishoni mwa Aprili 1992 kijana wa miaka 24, Christopher McCandless, mhitimu wa chuo kikuu aliyegawa akiba yake kwa shirika la misaada na kukata mawasiliano na familia, aliingia kwenye njia ya Stampede huko Alaska akiwa na mfuko wa mchele, bunduki ndogo na vitabu. Hakuwa na ramani ya kutosha. Alikaa katika basi kuukuu lililokuwa likibeba abiria mjini Fairbanks, ambalo lilikokotwa hadi kule mwanzoni mwa miaka ya 1960 ili kuwalaza mafundi wa barabara, kisha likatelekezwa. Julai alijaribu kurudi, akakuta mto Teklanika umefurika na hauvukiki. Mwendo mfupi kutoka hapo palikuwa na kikapu cha chuma kinachoning'inia kwenye waya wa kuvukia, ambacho ramani ingemwonyesha. Agosti akafa kwa njaa, na hadi leo kuna mabishano kama mbegu alizokula zilichangia. Wawindaji waliuona mwili wake Septemba.

Baada ya kitabu na filamu kumhusu, basi lile likawa mahali pa kuhiji. Vijana kutoka mabara kadhaa walilifuata kwa miguu, wengi walihitaji kuokolewa, na wanawake wawili, mmoja mwaka 2010 na mwingine 2019, walizama mtoni. Tarehe 18 Juni 2020 jeshi la akiba la Alaska likalinyanyua kwa helikopta, na sasa limehifadhiwa na makumbusho ya chuo kikuu mjini Fairbanks. Wakazi wengi wa Alaska humsema McCandless kwa ukali, kwamba alikuwa mpumbavu asiyejiandaa. Wafuasi wake humwona mtu safi aliyeukataa ulimwengu wa vitu. Nionavyo mimi, pande hizo mbili zinakubaliana juu ya jambo ambalo ndilo lililomponza: kwamba pori ni mtihani wa mtu mmoja mmoja, na swali ni nani amefaulu na nani ameanguka. Waathabaska walioishi katika nchi ile kwa maelfu ya miaka hawakuifanya kuwa mtihani wa namna hiyo. Walihama kwa makundi kufuata msimu, walikausha samaki kwa pamoja, waligawana nyama kwa taratibu zinazojulikana, na kijana wa umri wake angekuwa bado anajifunza kwa wajomba zake. Kwenda peke yako msituni bila wa kukutafuta hakukuhesabiwa kuwa uhuru.

Alaska yenyewe, inayojitangaza kwenye vibao vya magari kuwa mpaka wa mwisho, ina kitendawili chake. Karibu wakazi 4 kati ya kila 10 wanaishi Anchorage, mji wenye maduka makubwa na foleni za magari. Tangu 1982 kila mkazi anayestahili hupokea gawio la mwaka kutoka mfuko uliojengwa kwa fedha za mafuta, na jimbo ni miongoni mwa yale yanayopokea fedha nyingi za serikali kuu kwa kila mkazi. Sisemi haya kuwakebehi. Gawio ni utaratibu wa maana ambao nchi nyingi zenye mafuta zingepaswa kuuiga. Ila ni ajabu kwamba watu wanaogawana utajiri wa pamoja kwa utaratibu wa kijamaa kiasi hicho hujieleza kwa lugha ya mtu asiyemhitaji mwenzake.

Hata hivyo, upendo wa pori umezaa mambo ambayo mkosoaji makini hawezi kuyapuuza. Roosevelt yule wa studioni, alipokuwa rais, aliweka chini ya hifadhi hekta zipatazo milioni 93, na Malheur, ile iliyokuja kutekwa na waliojiita watu wa mpakani, aliitangaza yeye mwaka 1908. Sheria ya mapori ya mwaka 1964 ilianza na hekta milioni 3.7 na sasa inalinda takriban milioni 45. Bila watu wa mjini kuyapenda mabonde ambayo wengi wao wasingeyaona, migodi na mabwawa vingeyamaliza mengi. Tatizo la sheria hiyo liko katika ufafanuzi wake, unaolitambua pori kuwa mahali ambapo mwanadamu ni mgeni asiyebaki. Kwa ufafanuzi huo, mzee wa Kiathabaska kwenye kambi yake ya uvuvi ni kasoro katika mandhari.

Mwaka 1980 Bunge la Marekani lilipopitisha sheria ya ardhi ya Alaska, iliyolinda zaidi ya hekta milioni 40, lililazimika kuandika jambo ambalo hifadhi za zamani zilikwepa: wakazi wa vijijini wanaoendelea kuwinda na kuvua ili kujikimu wapewe kipaumbele, hata ndani ya sehemu nyingi za hifadhi hizo. Wapo waliosema hilo limeutia doa usafi wa pori. Naliona kuwa mwanzo wa sheria bora, kwa sababu lilimkubali mtu wa mahali pale bila kumgeuza pambo wala kumfukuza. Huko Yosemite nako wasimamizi walirudi polepole kwenye moto waliokuwa wameupiga marufuku.

Mtihani mgumu zaidi uko Bears Ears, kusini mashariki mwa Utah. Rais Barack Obama aliitangaza ardhi hiyo, zaidi ya hekta 540,000, kuwa kumbukumbu ya taifa, yaani eneo linalohifadhiwa na serikali kuu, mwezi Desemba 2016 baada ya makabila matano, yakiwemo Wanavajo, Wahopi na Wazuni, kuliomba jambo hilo kwa pamoja. Mwaka uliofuata Rais Donald Trump aliipunguza kwa asilimia 85. Mwaka 2021 Rais Joe Biden akairudisha, na mwaka 2022 serikali ikatia saini na makabila hayo makubaliano ya kuisimamia pamoja. Jimbo la Utah likaenda mahakamani. Wapinzani wengi ni wazao wa Wamormoni, walowezi wa dhehebu la kidini, waliofika Bluff mwaka 1880 baada ya kutumia majira mazima ya baridi kupasua njia ya kushushia magari ya kukokotwa katika ufa wa mwamba, nao wanahofia malisho yao na kauli yao juu ya nchi waliyozaliwa. Makabila yanaonyesha makaburi, maghala ya mahindi yaliyojengwa mapangoni na vichaka vya dawa ambavyo wanawake wao bado huvifuata. Pande zote mbili zinataka kuni za pale, mitishamba ya pale na wanyama wa pale. Katika hoja walizozitoa, wafugaji kwa makabila, sijaona upande wowote unaodai kwamba ardhi hiyo ni tupu. Neno hilo hulitumia zaidi wauzaji wa safari za mapumziko.